Baiskeli ya Mwanasesere Isikuvunjie Nyumba

Mdogo wangu wa Kitengela, barua yako nimeisoma yote, hata ile sehemu uliyoikata kwa kalamu, na sikucheka. Nakwambia hilo mapema kwa sababu najua uliandika ukiwa umeinamisha kichwa, ukisubiri karipio. Karipio lipo, litakuja, ila si lile unalolitazamia. Una miaka thelathini na ushei, una watoto wawili, una kibarua kule EPZ Athi River, na juu ya kabati lako wamepangwa wanasesere waliovishwa wakavishika. Sasa umeona baiskeli ndogo ya mtindo wa zamani, ina kikapu mbele na kengele, ya kumpandisha mmoja wao, na usingizi umekuruka. Unataka nikwambie kama una wazimu. Huna.

Wala hauko peke yako, ndiyo maana nakujibu hapa mbele za watu. Yupo mwenzako wa Kajiado mjini ambaye wanasesere wake wanaishi ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hutolewa tu mume akisafiri. Yupo wa Ongata Rongai aliyetembelewa na mama mkwe. Mama akaona vichwa vimepangwa kwenye rafu, akauliza kwa sauti ya chini kama hivyo ni vitu vya mganga. Binti wa watu akaruka, akasema ni vya mtoto wa jirani. Yupo na kijana wa kiume ambaye hata wanasesere hana haja nao, anakusanya vibaiskeli vyenyewe tu, na anaomba Mungu wenzake wa stegi wasijue. Nyote nawaambia: aibu mmeibeba bure. Mama mkwe anaogopa asichokijua, basi mjulishe. Mketishe, mpe chai, mwonyeshe mishono ya kigauni kile ulichokishona mwenyewe. Wamama wa rika lake walifunga magunzi ya mahindi kwa vitambaa wakayabeba mgongoni; atakumbuka, na uso utamlegea.

Hao wanaosema doli ni wa watoto peke yao hawajasikia habari zake. Barbie alionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 9 Machi 1959. Mama aliyembuni, Ruth Handler, alikuwa amemtazama bintiye Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi, akiwapa mambo ya watu wazima, kazi na mavazi na safari. Wasichana waliomchezea Barbie miaka ile leo ni nyanya, na wengi bado wanawinda nguo na vifaa vya enzi hizo kwa bei ya kutisha. Kisha yuko Blythe, yule mwenye kichwa kikubwa na macho yanayobadilika rangi ukivuta uzi ulio kisogoni. Kampuni ya Kenner ilimtoa Marekani mwaka 1972 na hakudumu madukani zaidi ya mwaka mmoja. Waliomfufua ni watu wazima. Mpiga picha mmoja wa New York, Gina Garan, alitembea naye na kumpiga picha hadi akatoa kitabu mwaka 2000, na mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya. Mashabiki wake ndio hasa wanaopenda kumpiga picha na vifaa vidogo vya kizamani, baiskeli ikiwemo. Kwa hiyo usijione kituko. Una ndugu wengi duniani, ni vile tu hamkutani sokoni Noonkopir.

Tena kuna jambo uliligusa barua ikiwa inakaribia kwisha, ukalipita mbio, na mimi nimelisimamia. Uliandika kwamba kibaiskeli kile kinafanana na Black Mamba ya babu yako. Hapo ndipo penye moyo wako, mdogo wangu. Wengi wetu tunaijua baiskeli ile. Kwanza zilikuja Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, kisha zikajaa za India na China zenye umbo lilelile: fremu nyeusi nzito, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani badala ya waya, dainamo inayosuguana na tairi ndipo taa iwake. Nyuma kuna keria, na kwenye keria kuna mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, ya kufungia mtungi wa maziwa, gunia la makaa, au mtoto aliyechoka kutembea. Wewe ulikuwa mtoto huyo. Babu amelala, baiskeli iliuzwa kwa wa vyuma chakavu, na hakuna aliyekuuliza kama ungependa kubaki na hata kengele yake. Halafu miaka imepita, ukaona kwenye simu kibaiskeli chenye keria na kengele, machozi yakakulenga na hujui kwa nini. Sasa ujue. Hamu ya namna hiyo ni halali, na mtu mzima ana haki ya kuishughulikia.

Ila njia uliyoichukua kuishughulikia ndiyo inayonifanya nikunje uso.

Umemwambia baba watoto kwamba pesa za kibaiskeli kile umezitia chama. Chama hukutia. Umezituma kwa mtu usiyemjua, kwa bidhaa ambayo hukuuliza hata urefu wake, na sasa unaogopa simu ikilia. Mdogo wangu, mficha uchi hazai. Mzigo ukifika, anayeuleta atapiga simu, na simu za namna hiyo zina tabia ya kulia wakati ambapo mwenye nyumba ndiye ameishika. Ataambiwa kuna kifurushi na kuna ada ya kulipa. Hapo hatakasirikia baiskeli. Atajiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa ni ya chama. Ataanza kukuuliza chenji ya mboga. Na chama chenyewe siku kikigawa, utaonyesha nini? Nimeona nyumba zikitikisika kwa vitu vidogo kuliko hivyo, na kila mara kitu chenyewe hakikuwa na neno. Kilichouma ni ule uongo uliokizunguka.

Basi mwambie leo. Usingoje awe na furaha sana, maana utangoja hadi Krismasi. Mwambie kiasi kamili, pamoja na nauli ya mzigo, mwambie na habari ya babu. Wanaume wa kwetu huonekana wagumu, lakini wangapi kati yao walijifunza kuendesha Black Mamba wakiwa wamepenyeza mguu chini ya lile bomba la juu kwa sababu kiti kiliwashinda kufika? Huenda akawa na hadithi yake. Na akikasirika, acha akasirike kwa jambo la kweli. Hasira hiyo hupoa.

Kisha weka daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na wakusanyaji ndio wanaoumia zaidi na methali hiyo. Hakuna anayefilisika kwa kununua doli mmoja. Mtu hufilisika kwa vile vinavyomfuata: viatu, wigi, kiti, sasa baiskeli, kesho kofia ya kupandia baiskeli. Jitengee kiasi cha mwezi kutoka kwenye chako, kikiisha kimeisha. Karo, kodi na maji havichangii. Na ukiagiza kutoka nje, usihesabu bei iliyoandikwa chini ya picha peke yake. Ongeza nauli, ongeza ushuru wa forodha, ongeza VAT ya asilimia 16, halafu jiulize tena kama bado unakitaka. Wengi wakifika kwenye jumla hiyo hamu hupungua yenyewe.

Sasa twende kwenye vipimo, maana hapa naona machozi mengi yasiyo ya lazima. Picha ya kwenye simu haina ukubwa. Kibaiskeli kinachojaa kioo cha simu kinaweza kukufikia kikakaa kwenye kiganja. Barbie ana urefu wa karibu sentimita 29, na vifaa vyake hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa sita, yaani kitu halisi kikigawanywa mara sita. Black Mamba ina gurudumu la inchi 28, karibu sentimita 71. Gawanya kwa sita, unapata gurudumu la sentimita 12 hivi. Lakini vibaiskeli vingi vizuri vya chuma vinavyouzwa kama mapambo ya mezani ni vya moja kwa kumi, na gurudumu lake ni la sentimita 7. Ukimpandisha Barbie hapo, magoti yanamfika kidevuni. Wale wakubwa wa American Girl, walioanza kuuzwa mwaka 1986, wana sentimita 46 na mwili wa kitoto. Hao baiskeli ya Barbie hawaiwezi kabisa. Kwa hiyo chukua tepu ya fundi cherehani, mpime wako kutoka nyonga hadi unyayo, halafu mwulize muuzaji: gurudumu lina kipenyo gani, na kutoka kiti hadi pedali ikiwa chini kabisa ni sentimita ngapi? Muuzaji akizungukazunguka bila kutaja namba, mwache aende na mali yake.

Na magoti, tafadhali. Wapo wanasesere wasiokunja goti. Barbie wa kwanza hakulikunja. Wenye goti la kukunja walianza kutoka mwaka 1965, na wale wenye viungo 22, waliotengenezwa kwa ajili ya kujinyonganyonga, walikuja mwaka 2015. Asiyekunja goti akipandishwa baiskeli hukaa miguu imetanuka pembeni, na utamwonea huruma kila ukipita. Mbonyeze goti kabla hujatoa shilingi.

Lakini swali langu kubwa kwako ni hili: kwa nini baiskeli ya babu yako unaitafuta ng'ambo? Usiache mbachao kwa msala upitao. Kile kibaiskeli cha dukani kina rangi ya waridi na kikapu cha plastiki. Babu hakupanda kitu cha waridi. Hapa kwetu watoto wamepinda waya wakaunda magari na baiskeli tangu zamani, wakatoa matairi kwenye ndara zilizokatika, na wapo mafundi waliokua na ufundi huo hadi ukawa riziki. Nenda Maasai Market Nairobi uone pikipiki na baiskeli za waya, nyingine zimevishwa shanga, zimepangwa chini kwenye kitambaa. Zile zilizopangwa zina vipimo vyake, hazikumfikiria doli wako, kwa hiyo usichukue tu ya kwanza. Zungumza na fundi akuundie. Na hata hapo Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, mafundi wa jua kali wanaokunja vyuma vya madirisha na milango hawakosi kijana mwenye mkono mwepesi.

Mpelekee mchoro wenye namba. Mwambie waya wa hanga au ule wa kufungia vyuma vya ujenzi utoshe kwa fremu, na mwembamba zaidi kwa spoki. Mwambie hutaki breki za waya wa kuning'inia, unataka vile vyuma viwili vinavyoshuka kutoka usukani. Hapo ndipo Black Mamba inapojulikana. Keria iwe bapa, ikubali kufungwa kitu. Mpira wa kufungia ukate wewe mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya kwa fundi baiskeli, ukanda mwembamba tu. Taa ya mbele usiipake rangi. Tia ushanga wa kioo. Kwa bahati yako unaishi karibu na watu wanaoyeyusha chupa na vioo vilivyotupwa wakavigeuza kuwa vyombo na shanga. Kitengela Glass, iliyoanzishwa na Nani Croze, iko ukingoni mwa mbuga ya Nairobi upande wenu. Ushanga mmoja wa kioo mwangavu, waya ukipita katikati, utashika mwanga wa dirishani na taa itaonekana inawaka. Vishikio vya usukani waachie wamama wa shanga. Nenda Kajiado au Namanga, chagua nyekundu na nyeupe, zile ndogo za kioo zinazotoka Ucheki, wakuzungushie mistari michache. Utakuwa na kibaiskeli ambacho hakuna mwingine anacho, na pesa yako imebaki kwa jirani.

Nakuonya kuhusu jambo moja la waya. Usikubali mikono ya mwanasesere ishike shaba tupu. Shaba ikikaa kwenye plastiki ile laini huacha doa la kijani linaloingia ndani na halioshwi kwa sabuni. Wenye Barbie wa zamani wanalijua kwa hereni zake, masikio hugeuka kijani. Mpira mweusi wa matairi nao, ukigusa mguu miezi na miezi, huacha alama. Kwa hiyo vishikio vizungushiwe uzi au shanga, na mguu usilale kwenye tairi. Usiwaweke dirishani jua likiwapiga, plastiki hugeuka njano. Na vumbi la Kitengela nalijua mimi! Kiangazi linaingia hata penye mlango uliofungwa. Brashi laini ya rangi za kuchorea, ile ya watoto wa shule, hufuta spoki vizuri kuliko kitambaa.

Sasa keti vizuri, maana hapa sitabembeleza. Uliandika kwamba binti yako wa miaka sita alipanda kiti, akamshusha mmoja, akamchana nywele, na ukamzaba kofi. Ukaandika pia kwamba baadaye ulilia. Nimeamini kwamba ulilia. Lakini yeye anakumbuka kofi. Mtoto huyo anaona mama yake ana wanasesere wazuri kuliko wote mtaani, na hakuna hata mmoja wake. Anaona unawashika kwa upole ambao jioni, umetoka kazini umechoka, yeye huukosa. Unadhani anawaza nini usiku? Ukimwacha na wazo hilo hadi awe mkubwa, atakuja kuandika barua kwa dada mwingine, na itakuwa barua chungu kuliko yako.

Mwombe msamaha, hata kama kwenu wazazi hawaombi watoto msamaha. Kisha mgawie mmoja awe wake kabisa, wa kuchana, kuogesha na kuburuta. Usimpe yule mbovu uliyetaka kumtupa, atajua. Marobota ya mitumba hayakosi doli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi inameni wawili sokoni mchague pamoja. Na fundi ukimwagizia baiskeli, agiza mbili. Ya binti iwe na ncha zote zimekunjwa kwa ndani, usizikague kwa haraka. Pitisha kidole chako mwenyewe kila pembe, kwa kuwa waya uliokatwa kwa koleo huchana ngozi. Kwa kaka yake mdogo, ambaye hajatimiza miaka mitatu, hapana. Kengele, ushanga, pedali, vyote hivyo huenda mdomoni na kukwama kooni. Hilo halina mjadala. Vya kwako vikae juu, na kiti cha kupandia kisikae chini yake.

Wewe wa sanduku chini ya kitanda, usidhani nimekusahau. Kajiado joto la mchana si mchezo, na plastiki iliyofungiwa hewa hunata na kutoa harufu. Wanasesere wako wanaharibika ukiwa unawalinda. Anza kwa kumtoa mmoja, mweke sebuleni karibu na picha za harusi, usiseme kitu. Mume akiuliza, jibu swali aliloliuliza, usimwongezee visingizio vitatu. Na kijana wangu wa stegi, vibaiskeli vyako peleka kazini kimoja. Nina hakika kabla ya jioni mmoja wa hao unaowaogopa atakuwa amekishika, anazungusha gurudumu kwa kidole na kusimulia ya baba yake.

Turudi kwako wa kwanza. Kile kifurushi cha ng'ambo, kama hakijatumwa, omba urudishiwe pesa leo. Kama kimetumwa, kipokee mbele ya mwenzio, mkifungue pamoja, na kikiwa kidogo mno kitakuwa pambo la mezani. Usitume pesa nyingine kurekebisha kosa la kwanza. Kwa fundi wa waya lipa nusu, nusu nyingine ibaki kwako. Siku ya kuchukua kazi, nenda na mwanasesere mwenyewe ndani ya mkoba, mpandishe palepale kibandani, uone kama miguu inafika kwenye pedali na kama usukani unageuka bila kumwangusha. Watu watasimama kutazama. Watoto wa shule watakuja mbio, na mama wa mboga pale kando ataacha kufunga sukuma ili aone. Wasalimie wote, mshike doli wako vizuri, na umwambie fundi wazi, kwa sauti ya kawaida, kwamba kiti kishushwe kidogo.